Dawa Iliyofungwa Kwenye Protini: Mti Ulitoka Shimba Hills, Dawa Itafika Lini Mulago?



Katika mkutano wa tawi uliopita dada mmoja, mfagiaji katika kliniki moja hapa Wandegeya, alisimama wakati wa mengineyo akauliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema amewasikia wauguzi wakizungumza juu ya dawa mpya za kansa ambazo hufungwa kwenye protini, zikaenda moja kwa moja kwenye uvimbe bila kuunguza mwili mzima wala kupukutisha nywele. Akataka kujua kama ni kweli au ni maneno ya redio, na kama ni kweli, mbona yeye anayemwaga ndoo za wagonjwa kila siku hajawahi kuziona.

Mwenyekiti alinitazama mimi. Mimi niliishia darasa la saba, na kemia sikuifundishwa. Lakini chama chetu kina wauguzi, kina wafamasia, kina watu wa maabara, na kazi ya mwandalizi ni kwenda kuuliza. Nimeuliza, nimesomewa, nimerudia kuuliza nilipokuwa sijaelewa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa tuanzie nyumbani. Wandegeya ni njia panda: upande huu Makerere, upande ule Mulago. Wagonjwa wanaoteremka kutoka kilima cha Mulago na karatasi ya daktari mkononi hupita kwetu wakitafuta duka la dawa lenye bei nafuu. Tunawauzia chapati na mayai, tunawabeba kwa boda boda, tunawanakilia karatasi zao. Wengi wetu hatujui kwamba kilima hicho ni moja ya mahali duniani ambapo ilithibitishwa kwamba kansa yaweza kutibiwa kwa dawa, bila kisu.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona wengine. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari kwa gari la zamani, kilomita zipatazo 16,000 katika wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali mpaka Afrika ya Kusini: je, mnaiona kansa hii ya taya? Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kuwa wamekuta kirusi ndani yake. Lakini la kutushangaza sisi ni dawa. Uvimbe uliokuwa umeliharibu kabisa sura ya mtoto ulinywea kwa siku chache baada ya sindano ya siklofosfamidi. Ndipo mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha kutibu kansa hiyo pale Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya kansa ya Marekani. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Ziegler. Wamarekani walipoondoka mwaka 1972, wakati wa Amin, kazi ikashikwa na Daktari Charles Olweny, mwana wa nchi. Kituo kile ndicho leo Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Walichokifanya hapo ni kuchanganya dawa: siklofosfamidi, vinkristini, metotreksati. Dawa hizo bado zinatumika. Zimewaponya watoto wengi ambao leo ni watu wazima wenye wajukuu, na tusikubali mtu yeyote atuambie kwamba dawa za zamani ni takataka.

Ubaya wake ni huu. Kansa ni seli, yaani zile chembe ndogo zilizoujenga mwili, ambazo zimesahau kuacha kuzaana. Dawa hizi huua kila seli inayozaana upesi, basi. Hazina macho. Nywele hukua upesi, kwa hiyo nywele huanguka. Ngozi ya ndani ya kinywa na utumbo hujigeuza upesi, kwa hiyo vidonda na kutapika. Damu hutengenezwa upesi ndani ya mifupa, kwa hiyo damu hupungua, na mgonjwa aweza kufa kwa homa ndogo kabla kansa haijamuua. Daktari anabaki akipima: nikiongeza dozi nitamuua mgonjwa, nikipunguza nitaiacha kansa. Wengi wa madaktari hao huishia katikati.

Fikra ya kuipa dawa macho si ya jana. Mjerumani Paul Ehrlich aliisema mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba ingefaa kupata risasi inayomjua adui. Ila hakuwa na kitu cha kuibeba. Kitu hicho kilikuwamo mwilini siku zote: zile protini za ulinzi zinazoitwa kingamwili, ambazo kila moja hulijua umbo moja tu na kulishika, kama ufunguo na kufuli lake. Taabu ilikuwa kuzipata za aina moja kwa wingi. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, walipata njia ya kuzifanya seli zitengeneze kingamwili ya aina moja bila kikomo. Mwaka 1984 walipewa tuzo ya Nobel.

Sasa mbebaji alikuwapo. Ilihitajika dawa ya kumpakia. Na hapa, ndugu zangu, hadithi inarudi Afrika Mashariki, tena kwa namna ambayo wengi wetu hatukuambiwa.

Kusini mwa Mombasa kuna vilima vya Shimba, katika kaunti ya Kwale. Humo humea mti wenye miiba ambao wataalamu walikuwa wakiuita Maytenus buchananii. Mti wa jamii hiyo hiyo ulikwisha kuchukuliwa Ethiopia, na mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, alitangaza kuwa ametoa ndani yake kitu chenye nguvu ya ajabu dhidi ya kansa ya damu ya panya. Akakiita maitansini. Kinafanya kazi yake karibu sawa na vinkristini ile ya Mulago. Seli inapotaka kujigawa huvuta nyuzi za ndani ili kutenganisha urithi wake sehemu mbili, na dawa hii huzizuia nyuzi zisijengeke, seli ikakwama katikati ya kuzaa na kufa. Tofauti ni ukali. Maitansini ni kali mara mamia kuliko ndugu zake.

Lakini kiasi kilichomo ndani ya mti ni cha kuhesabiwa kwa miligramu. Kwa hiyo taasisi ya kansa ya Marekani ilihitaji miti, na miti mingi. Katika miaka ya 1970 huko Shimba zilivunwa zaidi ya tani 27. Miti yote mikubwa ya aina hiyo iliyokuwapo mahali hapo ilikwenda. Miaka michache baadaye walipohitaji mingine, machipukizi yalikuwa hayajainuka, wakahangaika kuipata. Tani 27 hazijikati wala hazijibebi zenyewe. Kuna watu waliochukua panga, wakachomwa na miiba, wakapakia lori. Majina yao hayamo katika orodha ya wagunduzi, na mimi kama mtu wa chama siwezi kulipita jambo hilo kimya.

Na baada ya taabu yote hiyo, dawa ilishindwa. Walipowajaribu wagonjwa kwa maitansini tupu, ilikuwa kali mno. Watu walitapika, walihara, walidhoofika, mishipa yao ya fahamu iliumia, na kansa haikupungua vya kutosha kuyalipia mateso hayo. Ikawekwa kando. Mwaka 1977 Wajapani waligundua kwamba kuna bakteria inayotengeneza vitu vya ukoo huo huo, na tangu hapo viwanda vikaweza kuipata kwa kuchachusha katika mapipa, kama tunavyochachusha pombe ya ndizi, bila kugusa mti tena. Shimba ikapumzika.

Sasa lile swali la dada yetu. Dawa hufungwaje kwenye protini? Mfamasia mmoja alinieleza kwa mfano wa boda boda, nami nautoa kama alivyoutoa. Protini ni dereva anayeijua nyumba moja tu mjini. Dawa ni mzigo wa sumu. Katikati kuna kamba. Kamba hiyo ni kipande kidogo cha kemia, mkono wake mmoja umeshika protini na mwingine umeshika dawa, na akasema ukitaka kujua wataalamu walihangaika na nini kwa miaka thelathini, walihangaika na kamba. Ikiwa legevu, mzigo unadondoka barabarani, yaani ndani ya damu, na mgonjwa anaungua kama zamani. Ikiwa ngumu kupita kiasi, dereva anafika, mzigo haufunguki, seli ya kansa inabaki ikimcheka. Kamba nzuri ni ile inayovumilia siku kadhaa katika damu, kisha ikaachia mara tu protini inapomezwa na seli.

Dawa ya kwanza ya namna hii kuruhusiwa Marekani ilikuwa ya kansa ya damu, mwaka 2000, inaitwa gemtuzumabu ozogamisini. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni kwa sababu ya madhara, ikarudi mwaka 2017 kwa dozi ndogo zaidi. Mwaka 2011 ikaja nyingine, ya kansa ya tezi iitwayo Hodgkin. Lakini inayotuhusu zaidi ni ile ya mwaka 2013, kwa sababu mzigo wake ni mtoto wa maitansini, ile ya mti wa Shimba. Jina lake ni trastuzumabu emtansini, na kampuni ya Roche huiuza kwa jina la Kadcyla.

Mbebaji wake, trastuzumabu, alikwisha kuwa dawa peke yake tangu mwaka 1998, kwa jina la Herceptin. Kazi yake ni kuishika alama iitwayo HER2. Katika kansa za matiti, takriban moja katika kila tano ina alama hiyo kwa wingi usio wa kawaida. Wataalamu wakachukua protini hiyo, wakaifunga chembe za dawa, kwa wastani tatu na nusu kwa kila protini (nusu hiyo ni ya hesabu tu, nyingine zina tatu, nyingine nne). Kamba waliyoitumia haikatiki yenyewe. Seli ya kansa huimeza protini nzima, huipeleka kwenye tumbo lake dogo la kusagia, huisaga, na hapo ndipo sumu inapobaki huru ndani ya nyumba ya adui.

Je, nywele? Kwa dawa hii nywele mara nyingi hubaki, hilo ni kweli. Lakini asije mtu akawadanganya kuwa haina madhara. Ini laweza kuumia, na chembe za kugandisha damu hupungua. Na alama ya HER2 imo kidogo hata katika viungo vizima, ndiyo maana moyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu.

Na faida ni kiasi gani? Nilitaka hesabu, si sifa. Katika uchunguzi mmoja wa wagonjwa 991 ambao kansa yao ilikwisha kusambaa, waliopewa dawa hii waliishi kwa kiasi cha kati cha miezi 30.9, na waliopewa dawa nyingine za wakati huo miezi 25.1. Ni miezi sita pungufu kidogo. Kwa mama mwenye mtoto wa kufanya mtihani ni miezi mingi, lakini si kupona. Uchunguzi mwingine ulitolewa mwishoni mwa mwaka 2018, wa wagonjwa 1,486 waliokutwa mapema, ambao baada ya dawa za kwanza na upasuaji walikutwa bado na mabaki ya kansa. Hapo baada ya miaka mitatu watu 88 katika kila mia walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, na kwa wale waliopewa Herceptin peke yake walikuwa 77. Hesabu hii ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, maana inasema dawa ina nguvu zaidi ikimkuta mgonjwa mapema, na wagonjwa wetu tunawajua hufika lini.

Tena haina maana bila kipimo. Kipande cha uvimbe lazima kipakwe rangi maabara ili kuona kama HER2 imo. Asiye na alama hiyo akipewa, amepewa sumu na gharama bure. Hivi karibuni imekuja ndugu yake mpya zaidi, trastuzumabu derukstekani, yenye mizigo minane kwa kila protini, ambayo tangu mwaka 2022 imeonekana kuwafaa hata wenye alama kidogo, ingawa yenyewe ina hatari ya kuumiza mapafu.

Tuje kwenye bei. Kadcyla ilipotoka mwaka 2013 iliuzwa Marekani kwa dola 9,800 hivi kwa mwezi. Kwa fedha za wakati ule ni kama shilingi milioni 25 za Uganda. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa nchini mwetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984, na hakijawekwa kingine. Kigawe mwenyewe: mtu wa kima hicho angefanya kazi zaidi ya miaka 340 kulipia mwezi mmoja wa dawa. Hata Waingereza walikataa. Mwaka 2014 chombo chao cha kukadiria dawa kilisema haistahili bei ile, kama pauni 90,000 kwa mgonjwa mmoja, na mwaka 2017 kampuni ikateremsha bei, wakakubali. Basi bei si amri ya Mungu, hushuka ikisukumwa. Jirani zetu Kenya nao mwaka 2025 walipatana na Roche juu ya Herceptin, yule mbebaji bila mzigo, bei ikashuka kutoka shilingi 120,000 za Kenya hadi 40,000 kwa kila dozi, ilipwe na mfuko wa afya. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha aina ya kwanza iliyoigwa na kiwanda kingine. Hizo ndizo hoja za kupeleka wizarani: haki ya kumiliki ugunduzi ikiisha muda, wengine watengeneze, na serikali zetu za Afrika Mashariki zinunue kwa pamoja badala ya kila moja kubembeleza peke yake.

Lakini tuseme dawa imefika bure kesho asubuhi. Bado kuna jambo ambalo ni letu wenyewe, na hakuna kampuni ya Ulaya itakayotufanyia.

Kadcyla kwa mgonjwa aliyekutwa mapema hutolewa kila baada ya wiki tatu, mara kumi na nne. Ni yapata miezi tisa. Sheria ya Ajira ilivyoandikwa mwaka 2006 inasema mfanyakazi akiugua atalipwa mshahara kamili mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kumaliza mkataba. Miezi miwili kwa matibabu ya miezi tisa. Mwanachama wetu mmoja, mpishi katika hoteli ambayo sitaitaja, alianza dawa za kawaida za kansa ya titi akiwa bado na nguvu ya kusimama jikoni siku nyingi za wiki. Mwezi wa tatu alipewa barua. Tuliandika mara tatu, tukaenda mara mbili. Alilipwa notisi yake, kazi hakurudishiwa. Nililisoma faili lile mpaka usiku nikitafuta kifungu kilichovunjwa, sikukiona, kwa sababu hakikuvunjwa. Alichokosa yule mama kilikuwa ni siku moja ya ruhusa katika kila wiki tatu, na kazi nyepesi siku mbili zinazofuata.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo na waajiri kamati inapendekeza kifungu cha magonjwa ya matibabu marefu: siku za sindano zihesabiwe kama ruhusa yenye mshahara, kazi nyepesi kwa cheti cha daktari, na mkataba usikatwe wakati matibabu yanaendelea.

La mwisho ni la wafagiaji, wauguzi, wafua nguo na wafamasia wetu. Dawa za kansa, za zamani na hizi mpya, hazichagui kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Nyingine hutoka katika mkojo na matapishi ya mgonjwa kwa siku mbili au zaidi baada ya sindano. Glavu moja nyembamba iliyotoboka haitoshi, na ndoo ya wodi hiyo isitumike kwingine. Mwenye mimba asipangiwe kuchanganya dawa wala kufuta zilizomwagika, na akisema ana mimba asipoteze zamu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Wako wanaokatwa mshahara kwa ajili ya glavu, walete karatasi zao za malipo.

Na kwa wauguzi wa zamu ya usiku: majina trastuzumabu na trastuzumabu emtansini yanafanana, dozi hazifanani. Yenye mzigo ni miligramu 3.6 kwa kila kilo ya mgonjwa, ile tupu ya kila wiki tatu ni 6, na ya kwanza 8. Mwenye haraka akisoma neno la kwanza tu atamzidishia mgonjwa sumu zaidi ya mara moja na nusu. Wala isichanganywe na maji ya glukosi, ni maji ya chumvi peke yake. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima hawezi kusoma kila chupa mara mbili, na hilo nalo limo katika madai ya idadi ya watu kwa zamu.

Rasimu ya vifungu vyote viwili iko ofisini Wandegeya. Katibu wa tawi anayetaka nakala aje kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na aje na fedha ya kunakili, kwani jirani yetu mwenye mashine ameacha kutukopesha.